Vidato Arobaini na Viwili

Shuleni Malimi aliishia kidato cha pili.
Huku Bugarika alijenga arobaini na viwili,
kwa saruji ya mabaki na mchanga wa kubeba kichwani,
toka barabarani hadi mlangoni kwetu,
akivipenyeza kati ya jabali na jabali.
Kila jioni huvihesabu akipanda, kwa sauti,
kama mtu anayeita watoto wake waingie ndani.

Jumanne pikipiki ilimwangusha Mkuyuni.
Damu hakuna. Kiwiko kimechubuka, basi.
Majirani wakamzunguka, wakamgeuza, wakamwachia:
mzima huyu, ana bahati,
akalale, usingizi ni dawa.

Mimi nilikuwa juu, namenya ndizi, nasikia
kumi na moja,
kumi na mbili,
kumi na mbili,
kisha kimya,
kisha moja.

Nikadhani anatania.

Akaketi. "Nkwimba, pikipiki iko wapi?"
Nikamwambia: iko kwa Lushinge, usukani umepinda.
Akanywa chai. "Nkwimba, pikipiki iko wapi?"
Sauti ileile, mshangao uleule,
kana kwamba jibu langu lilipita mlangoni
likatokea dirishani.
Mara ya nne nilijibu
nikimtazama yeye, si sufuria.

Ziwa lilikuwa linawaka, jua la saa kumi na moja.
"Funga dirisha," akasema, "linanichoma."
Malimi huyu, apigaye lipu mchana kutwa
bila hata kofia.
Akatapika. Tukalaumu dagaa.
Akatapika tena,
na tumboni hakukuwa na kitu cha kulaumu.
Maneno yakaanza kuvuta miguu.
Akauegemeza mto ukutani: "Nilale kidogo tu."

Mama Nyanjige akasema mwache.

Nauza mayai Mlango Mmoja, mwaka wa tisa sasa.
Trei ikianguka hayapasuki yote.
Yapo yanayobaki mazima, meupe, yanang'aa,
mteja akayachagua hayo hayo.
Lakini inua moja mbele ya taa:
kiini kimetapakaa.
Najua ganda linavyodanganya.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema;
hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo,
chini ya nywele, chini ya mfupa,
mahali ambapo jirani hawezi kugeuza akatazama.

Sikumwacha.
Tulivishuka vidato gizani,
mimi huku, Lushinge kule, yeye katikati
anapepesuka upande wa kushoto, kila mara kushoto,
na taa za Bugando juu ya kilima chake
hazikuonekana kusogea hata tulipokuwa tunaenda.

Daktari alikuwa binti mdogo, viatu vya raba.
Akamulika jicho moja, akamulika la pili,
polepole, kama mimi na mayai.
Mtikisiko wa ubongo, akasema. Tutamlaza, tutamwangalia.
"Uligunduaje?"
Nikasema: amepotea kwenye ngazi zake mwenyewe.
Akaliandika hilo pia, nililiona,
chini ya kutapika, juu ya jina la dawa.

Wiki nne hakushika mwiko. Simu nilimficha.
Alikasirika kwa vitu vidogo, kijiko, mlango,
akaomba radhi, akasahau aliomba, akaomba tena.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu,
na siku ya nne alitoka peke yake.
Nikamsikia anapanda.
Arobaini na moja. Arobaini na mbili.
Akasimama mlangoni, anahema, anacheka.

Sikumwamini. Nilishuka nikivihesabu:
arobaini na kimoja.
Nikapanda tena: arobaini na kimoja.
Magoti yakaniisha nguvu,
nikaanza kuwaza nauli, cheti, nguo za kulalia.

Akanifuata hadi chini bila neno,
akachimba kwa kisigino
mchanga ulioletwa na maji,
mpaka saruji ikatokea, na alama ya mwiko wake.

"Wewe umeanzia cha pili," akasema.